Bihogo Amelala: Maneno ya Kumuaga Papa Sebineza Kazini

Mchungaji Gaspari, mwenyeji wetu katika ukumbi huu. Wazee wetu mlioketishwa viti vya mbele. Ndugu Ladislaus, uliyetuletea salamu za Watanzania wa Louisville. Wageni kutoka Columbus na Buffalo, ambao miguu yenu bado imevimba kwa safari. Akina mama mliopika tangu alfajiri. Vijana mliosimama kule nyuma na simu zenu. Na juu ya wote wewe, Papa Sebineza, na wewe mkewe, Mama Nyirabagenzi, ambao siku hii ni yenu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mchungaji aliponiita hapa mbele, meza ile ya katikati ilinyamaza ghafla. Nimemwona mama mmoja akimshika mumewe mkono, kama mtu aliyesikia breki za gari. Hamkukosea kuogopa. Mimi ndiye Kabanyana binti Rurangwa, wa Kenmore, pale juu ya Buffalo. Mimi ndiye yule wa kwenye kundi letu la WhatsApp, ambaye akianza kuandika "Ndugu zangu, nina neno", wengine wenu huweka simu kwenye chaji chumba cha pili. Nimegombana na wachungaji kuhusu mahubiri yasiyokwisha, nimegombana na wazee kuhusu mahari, nimegombana na vijana kuhusu vitabu wasivyosoma. Na mwezi wa pili wa mwaka huu wa 2015 niligombana na mtu ambaye hajawahi kugombana nami hata siku moja. Mtu huyo ameketi pale, amevaa suti ya kijivu, na ndiye tunayemuaga leo.

Mnajiuliza ni nani alikuwa na wazimu wa kunipa kipaza sauti. Nitawaambia, lakini si sasa hivi.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Kwa miaka saba Papa Sebineza amepakia na kupakua mizigo katika ghala lililo karibu na uwanja wa ndege wa mji huu wa Louisville. Alianza akiwa na miaka hamsini na minane, umri ambao wengine huanza kutafuta kiti chenye mto. Vijana wa miaka ishirini waliajiriwa pamoja naye siku moja, wakaondoka baada ya wiki mbili wakilalamikia mgongo. Yeye alibaki. Na siku yake ya mapumziko, Jumamosi, hakupumzika: alikwenda kliniki, akakaa katika chumba cha kungojea, na kila Mkongomani aliyeingia kwa daktari aliingia na Papa Sebineza pembeni yake, akimfasiria maneno. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Mlimzoea kama mnavyozoea bomba la maji.

Nimesema alikwenda. Sikusema anakwenda. Hotuba yangu yote iko hapo.

Ninyi wa umri wangu mnaijua sinema ya Gunzi. Vijana hawaijui, basi niisimulie. Mwaka 1976 nilikuwa na miaka minane, kule kwetu milimani, Kivu ya Kusini. Mmisheni wetu alikuwa na mashine ya sinema na jenereta ndogo. Jumapili mchana, baada ya ibada, mablanketi yalitundikwa kwenye madirisha ya kanisa, shuka nyeupe ikafungwa mbele, nasi watoto tukakaa chini kwa kubanana. Aliyebeba mashine ile mgongoni kutoka kijiji hadi kijiji, akaiwasha na kutueleza yaliyokuwa yakionekana, alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Ndiye huyu.

Sinema yenyewe ilikuwa ya dakika nane, wala haikuwa na binadamu ndani yake. Ilikuwa ya vikaragosi vya mbao na sufu. Leo najua zinavyotengenezwa: mtu anakiweka kikaragosi mezani, anakipiga picha, anakisogeza kidogo kuliko upana wa ukucha, anakipiga picha tena, na tena, mara maelfu, mpaka picha zikipita haraka unaona kinatembea chenyewe. Sisi hatukujua hayo. Tuliona mtu mdogo mwenye kichwa cha manjano chenye vinundu kama gunzi la hindi, na Sebineza akamwita Gunzi. Tuliona ng'ombe wa kahawia, akamwita Bihogo, na hapakuwa na boma milimani kwetu lisilokuwa na Bihogo wake.

Bihogo anaingia nyumbani kwa Gunzi bila hodi. Anakaa mezani. Anavaa kofia ya Gunzi. Gunzi anamsukuma kwa mgongo, anamvuta mkia, anampigia sufuria masikioni, mwishowe anajifunika zulia na kujifanya simba, na Bihogo analitafuna lile zulia taratibu huku akimtazama. Mashine yetu haikuwa na spika, kwa hiyo sauti zote zilitoka kinywani mwa Sebineza. Alimpa Gunzi sauti ya mwanamume aliyechoka na wageni: "Shemeji, kwenu hawakungojei?" Akampa Bihogo sauti nzito ya mama mwenye nyumba: "Kwetu ndiyo hapa. Niletee chumvi."

Tulicheka mpaka wengine wakatolewa nje kwa haraka, na sababu mnaijua.

Kisha ulikuja mwisho. Gunzi anafungua mlango wa chumba cha nyuma, anamwinamia Bihogo kwa adabu na kumkaribisha ndani. Hapo shuka yote ilikuwa giza. Katika giza lile Sebineza alisema polepole: "Gunzi amezima taa. Bihogo amelala. Sikilizeni anavyokoroma." Na kweli tulimsikia! Krrr, krrr, krrr, dakika nzima. Tulinyamaza tusimwamshe. Tulitoka kanisani tukinyata, watoto sitini wa wafugaji, kwa ajili ya usingizi wa ng'ombe wa mbao.

Maneno yale yalihama nasi. Mama yangu alinilaza kwa hayo. Tulipokimbia, wamama walinyamazisha watoto kwa hayo: Bihogo amelala, usimwamshe. Na mimi, mwenye kabati tatu za vitabu, mimi ninayejisifu kwamba sidanganyiki, nimemlaza binti yangu Vestine kwa maneno hayohayo katika nyumba ya Kenmore yenye theluji hadi dirishani, miaka mingi, bila kukosa.

Sasa twende Columbus. Isaro, ambaye yuko hapa na kompyuta yake mapajani, ni mwanafunzi pale, amepanga chumba karibu na chuo kikuu, na jioni hufanya kazi maktaba, katika ghorofa ya chini wanakohifadhi filamu za zamani. Mwezi wa pili alinipigia simu. "Shangazi," aliniambia, "keti kwanza. Nadhani nimempata Gunzi." Katika maboksi yaliyotolewa na wamisheni wa zamani alikuta kopo la filamu, na ndani ya kifuniko picha ya mtu mwenye kichwa cha gunzi. Yeye hakuwahi kuiona sinema ile, lakini alilazwa kwa maneno yaleyale kama sisi sote. Maktaba ilikwisha kuihamishia kwenye kompyuta.

Nilimpakia Vestine garini, tukaendesha saa tano barabarani kwenye barafu. Ningependa mnione siku ile. Sijafurahi vile tangu nipate karatasi za uraia. Isaro alikaanga bisi, akaita watoto wa majirani, tukajaa chumbani mwake kama kanisani enzi zile. Filamu ikaanza. Rangi zilikuwa kali kuliko nilivyokumbuka, na kumbe ilikuwa na muziki, na sauti ya mwanamume mchangamfu akisema lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Nikaipunguza sauti ile. Nikawasemea watoto mimi mwenyewe: shemeji, kwenu hawakungojei, kwetu ndiyo hapa, niletee chumvi. Walicheka palepale tulipocheka sisi. Gunzi akafungua mlango wa nyuma, akainama. Nikavuta pumzi, nikajiandaa kusema maneno ya giza.

Giza halikuja.

Nyuma ya mlango ule, ndugu zangu, hapakuwa na kitanda. Palikuwa na mashine. Mashine kubwa yenye mdomo mpana kama faneli. Bihogo aliingia ndani yake akitikisa mkia, na kofia kichwani. Magurudumu yakazunguka. Upande wa pili yakatoka makopo ya nyama, yakiruka na kujipanga yenyewe kama askari. Gunzi akafungua kopo moja, akala, akafumba jicho moja kututazama. Kisha mashine ikakohoa na kutema kitu cha mwisho: ile kofia. Gunzi akaiokota, akaipangusa, akaivaa. Likatokea jina la kampuni kwa herufi kubwa, muziki ukapiga, ikaisha.

Lilikuwa tangazo la biashara. Dakika nane zote zile, utoto wangu wote ule, lilikuwa tangazo la nyama ya kopo.

Mnicheke mkitaka. Sisi si malaika, nyama tunakula, na leo nimekula mara mbili. Lakini ninyi mnajua, na Mmarekani hawezi kujua, tofauti kati ya nyama na ng'ombe uliyemwita jina, uliyemjua kwa sauti ukiwa umelala, aliyekusubiri umalize kulia ndipo aende. Nilibaki na bisi mdomoni. Nilimwomba Isaro airudishe. Akairudisha. Nikamwomba tena. Mara tatu nilitazama mlango ule ukifunguliwa, na nitawaambia nilichokuwa nikifanya: nilikuwa natafuta kitanda.

Watoto je? Watoto walicheka. Vestine wangu alicheka kuliko wote. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba ni mdoli tu, na kwamba kofia kutemwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Nilitoka nje kwenye korido ya wanafunzi, nikaegemea ukuta, mwanamke wa miaka arobaini na saba aliyevuka vita viwili kwa miguu, nikamlilia ng'ombe wa mbao. Kijana mmoja aliyebeba pizza aliniuliza kama nimefiwa.

Na kama mshtuko ungeishia hapo, leo tungekula keki na kwenda zetu. Lakini mshtuko wangu ulitafuta mtu wa kuubeba. Njiani kurudi nyumbani nilielewa: lile giza halikuwa kwenye filamu. Lilikuwa mkono. Kijana Sebineza aliweka kiganja chake mbele ya lenzi, akatusemea gizani, na kukoroma kwa Bihogo kulikuwa ni kelele ya mashine ya sinema ikizungusha picha za makopo ambayo hatukuyaona. Tulinyata kwa heshima ya makopo!

Nilifika Kenmore, nikaandika barua kwenye kundi letu kabla sijavua buti. Mliisoma. Wengi wenu mliituma mbele kabla hamjafika aya ya tatu, nawajua. Niliandika kuhusu wazee wanaotulea kwa uongo, kuhusu watu wetu waliofichwa kila kitu na kila mtu, serikali, wamisheni, na sasa hata mtu wetu wenyewe. Na nilimalizia kwa sentensi hii, ambayo nairudia leo mbele yake ili asije akasema niliilainisha: "Mtu huyu alitufunika macho tukiwa watoto, ametufunikia mangapi mengine tangu hapo?"

Papa Sebineza hakujibu. Mimi, kwa akili yangu ndefu, nilisema kimya chake ni kukiri.

Wakati ule sikujua kilichotokea huku kwenu. Jumamosi iliyofuata alikwenda kliniki kama kawaida. Mtu mmoja, na yuko humu, na simtaji kwa sababu dhambi yangu ni kubwa kuliko yake, alimwuliza mbele ya wote katika chumba cha kungojea: "Papa, leo tutasikia ya daktari ao ya Gunzi?" Watu walicheka. Naye alicheka. Kisha alichukua koti lake, akaenda nyumbani, wala hakurudi tena. Kanisani akaacha kuwasimulia watoto hadithi baada ya ibada. Mtu aliyeishi kwa sauti yake tangu ujana alinyamaza, nanyi mkaendelea na maisha. Hakuna aliyenipigia simu kuniambia. Mlinitumia vidole gumba.

Mwezi uliopita simu ililia. Alikuwa Mama Nyirabagenzi. Hakuniuliza habari za watoto wala za hali ya hewa.

"Kabanyana, bon, weye uliandika?"

Nilikubali.

"Muzee anatoka kazi mwezi wa tisa. Tunafanya fête ya kumuaga. Donc utakuya, utasema mbele ya batu."

Nilimwuliza aseme nini mtu kama mimi. Akanijibu kwamba kwanza ninyamaze nisikilize, maana nimezoea kuandika tu. Ndipo akanieleza habari za Rakeli.

Rakeli ameniruhusu niyaseme haya, na yuko pale na kitambaa cha bluu, na nimemhesabia sambusa tatu. Mwezi wa tatu alikwenda kliniki na maumivu ya tumbo. Papa Sebineza hakuwapo. Walimpa mkalimani wa kwenye simu, mtu wa pwani mwenye maneno mazuri sana, ambaye Rakeli hakumwelewa naye hakumwelewa Rakeli. Basi siku ya pili akaenda na binti yake, mwenye miaka kumi na mmoja, akamtoa darasani. Daktari akamwambia mtoto yule, kwa Kiingereza, kwamba mama ana uvimbe, na kwamba ni lazima apasuliwe kabla mwezi haujaisha. Mtoto alimtazama mama yake. Kisha akasema: "Mama, anasema ni kidonda kidogo. Unywe dawa, upumzike."

Daktari aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Rakeli alishukuru. Mwezi ukaisha, na mwingine, na uvimbe ukakua. Mwezi wa tano Mama Nyirabagenzi alikwenda kumtembelea, akamkuta yule mtoto jikoni analia mbele ya barua ya kliniki ambayo alikuwa ameificha ndani ya boksi la unga. Rakeli alipasuliwa mwezi wa sita. Madaktari walimwambia kwamba wiki chache zaidi zingetosha kumwua.

Nilikaa chini sakafuni na simu sikioni. Mtoto yule ana umri wa Vestine wangu. Mnaona tulichofanya? Tulimfukuza mtu mzima aliyefunika lenzi kwa ajili ya watoto, tukamweka mtoto afunike lenzi kwa ajili ya mama yake. Nani alimfundisha? Hakuna. Upendo wa mtoto ndivyo unavyofanya kazi ukiachwa peke yake na jambo la kutisha. Aliyemwacha peke yake ni mimi, pamoja nanyi mliocheka.

Ndipo nikafanya kazi ambayo mwandishi yeyote mwenye haya huifanya kabla ya kuandika. Nilipiga simu nane kwa watu ambao Papa Sebineza aliwahi kuwafasiria. Niliwauliza swali moja: je, aliwahi kuwageuzia neno la daktari? Mchungaji Gaspari, wewe ulikuwa simu ya tatu. Uliniambia kwamba mwaka jana, mkeo alipokuwa na sukari mbaya, ulimvuta Papa Sebineza pembeni, ukamwomba alainishe kidogo habari ya vidole vya mguu vilivyokuwa hatarini. Akakukatalia. Nirudie maneno yake kama ulivyonipa: "Hapa si sinema, Muchungaji. Hapa ni batu bazima. Ninasema yote." Akaingia, akasema yote. Ukamchukia wiki mbili. Mkeo leo anatembea.

Simu zote nane zilikuwa hivyo. Nane. Mimi nilikuwa nimeuliza sifuri.

Na lile giza la 1976 lilitoka wapi? Hilo nililipata jana, jikoni kwa Mama Nyirabagenzi, nikimenya vitunguu. Kumbe mara ya kwanza kabisa, katika kijiji cha ng'ambo ya bonde letu, Sebineza aliiacha filamu iende mpaka mwisho, kwa sababu naye alikuwa hajauona. Watoto walipiga mayowe. Mzee mmoja alitoka na fimbo, akaichapa shuka. Mmisheni alicheka, akasema watazoea, na kwamba makopo yale yangeletwa kama msaada, ni vizuri watu wayafahamu. Kijiji kilichofuata, Sebineza aliweka mkono. Aliuweka miaka miwili, kijiji baada ya kijiji. Mpaka siku moja mmisheni akakaa mstari wa mbele, akaona giza, akainuka, akaushika ule mkono na kuuondoa. Akamwuliza maana yake nini. Sebineza akamjibu: "Watoto hawa wana ng'ombe nyumbani."

Alifukuzwa kazi siku ileile. Aliteremka Uvira kwa miguu siku mbili, na Mama Nyirabagenzi alikuwa na mimba ya kwanza. Aliniambia haya bila kuacha kukoroga chungu: "Tulikula mihogo mwaka muzima, donc kwa sababu ya ng'ombe wa miti." Kisha akacheka. Mimi sikuweza.

Niliandika kwamba alitufunika macho. Sikuandika kwamba mkono ule ulimgharimu mkate wake, kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu sikuuliza, na sikuuliza kwa sababu nilikuwa na hasira nzuri, na hasira nzuri ni tamu kuliko kuuliza. Nimewasema wengi kwa kosa hilo. Leo najisema mwenyewe.

Jana hiyohiyo Papa Sebineza aliniletea chai ya maziwa kwa mkono wake. Tulikaa. Hakutaja nilichoandika. Aliniuliza tu, "Uliona mpaka mwisho?"

"Niliona, Papa."

"Mimi mara moja tu. Ilitosha." Akapuliza chai. "Na pembe zake? Bado mazuri?"

Nilimwambia ni nzuri, zimechongwa vizuri, zinang'aa. Akaridhika kama mtu aliyepata habari za jamaa. Akasema kofia ilikuwa inamkaa. Nikaona hapo ndipo pa kumwomba msamaha, nikaweka kikombe chini, nikaanza. Akaniinulia kiganja. Ndicho kilekile.

"Uliyasema mbele ya batu wangapi?"

"Wote, Papa."

"Bon. Basi usiniombe hapa jikoni."

Ndiyo maana nina kipaza sauti.

Kwa hiyo, Papa Sebineza, mbele ya Louisville, Columbus na Buffalo: niliyoandika mwezi wa pili yalikuwa uongo juu yako. Uongo, kwa sababu niliusema bila kujua na nikausema kama ninayejua. Naufuta, na usiku wa leo ufutaji huu utakwenda katika kundi lilelile, kwa herufi kubwa zilezile. Nakuomba unisamehe. Huna haja ya kunijibu leo.

Msidhani nimegeuka kondoo. Bado nasema watoto wetu wanafichwa mengi mno, na kesho nitagombana na yeyote anayetaka. Lakini nimejifunza kuuliza kwanza: huyu anayefunika, anamfunika nani, na nani anabeba gharama? Anayefunika ili apone yeye, nitampiga kalamu mpaka wino uishe. Anayefunika watoto kwa mkono wake na kupoteza kazi yake, kisha akiwa mzee anasimama mbele ya wagonjwa na kusema yote, huyo nilipaswa kumwamkia.

Nanyi wa Louisville, ninawaomba jambo moja, na nisikie kwamba limefanyika. Kiti cha chumba cha kungojea kiko tupu tangu mwezi wa pili. Hatuwezi kumrudisha mtu kwa kumpigia makofi. Mwendeeni nyumbani, mmoja mmoja, hasa wewe nisiyekutaja, mmwombe. Akikataa, ni haki yake, amechoka. Lakini mtoto asiingie tena kwa daktari kuwa mdomo wa mama yake. Asiingie.

Sasa, Papa, sikuja mikono mitupu. Nimekuja na Bihogo. Yumo ndani ya kompyuta ya Isaro. Mchungaji ameruhusu mablanketi yatundikwe madirishani, na shuka ile nyuma yangu ni ya Mama Nyirabagenzi mwenyewe, imepigwa pasi. Kuna watoto thelathini na wanne humu wasiowahi kukusikia ukisema kama ng'ombe anayedai chumvi. Isaro atawasha mashine, kisha ataondoka. Pembeni ya lenzi nimeacha nafasi ya mtu mmoja. Gunzi akifungua mlango ule, ukitaka kuweka mkono, weka. Ukitaka waone mpaka mwisho, waache waone, ni watoto wa nchi hii, pengine watacheka. Wewe ndiye unayejua hadhira yako. Mimi sitaandika neno.

Kuna tatizo moja tu. Mashine za siku hizi hazina kelele. Ukilileta lile giza, Bihogo hatakoroma. Basi ninyi wenzangu wa 1976, mliotoka kanisani mkinyata, kazi hiyo ni yenu: kama giza likija, mkorome, na mkorome vizuri, wasitushtukie.

Mmenipa masikio yenu, ingawa mara ya mwisho niliyajaza sumu. Kwa subira hiyo nawashukuru sana. Naketi.

Isaro, zima taa.